Abunuwasi Angekuwa Jirani Yako



Ndugu wasomaji, nani kati yetu hakukua na hekaya za Abunuwasi? Bibi akimaliza moja tulidai nyingine, na kila mara mshindi alikuwa yuleyule. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, na hadi leo nikiona watoto wamechoka kurudia sura zao huwahadithia moja wachangamke. Kwa hiyo ninayoyaandika si ya mtu anayechukia hadithi. Nataka tujiulize swali moja tu: huyu Abunuwasi tunayempenda, angehamia nyumba ya pili kutoka kwako, ungefurahi?

Tuchukue ile hekaya ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea vyote viwili bila kuuliza. Mara ya pili akaazima tena, na safari hii hakurudisha. Alipodaiwa akajibu kwamba sufuria imefariki. Jirani akashitaki, akashindwa, kwa sababu aliyekubali kuwa sufuria huzaa hawezi kukataa kuwa hufa.

Tunacheka, na hekaya inaishia hapo. Lakini jioni ile jirani alipikia nini? Hakuna anayetusimulia. Na baada ya hapo, ni nani mtaani angemwazima Abunuwasi hata kijiko?

Sungura naye ni hivyo hivyo. Wanyama wote wanachimba kisima juani, yeye anakataa kushika jembe, halafu usiku anakuja kunywa na kuyachafua maji. Kwenye hadithi tunamwita mjanja. Mtu wa namna hiyo akiwa kwenye kikundi chetu cha kuchangiana misiba na harusi, tunamwita jina jingine kabisa.

Inafaa pia tujue kwamba Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Aliishi katika zama za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Hekaya nyingi tunazompachika si zake. Hii ya sufuria Waturuki huisimulia kwa jina la Nasreddin Hoja, na Waarabu wana Juha wao. Watu wa kila nchi wamempenda mtu huyu, na kila mmoja amempa jina la kwake.

Kwa nini basi niyaseme haya? Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, mwenye miaka 12, alimkopa mwenzake faranga 500. Alipodaiwa alisema mbele ya darasa zima, "Pesa zako zilikuwa wagonjwa, jana tumezizika." Darasa likaangua kicheko. Aliyedai hakucheka. Ni yatima anayelelewa na bibi yake, muuza maandazi, na pesa zile zilikuwa za mauzo alizotumwa kuzipeleka nyumbani. Siku tatu hakuonekana madrasa. Nilipokwenda kwao niliambiwa kwamba deni halimuumi kama kile kicheko.

Deni lililipwa siku ileile, na msamaha uliombwa mbele ya wale wale waliocheka. Mama wa yule mdeni alinijia akasema, "Ustadhi, hizi hekaya tuzipige marufuku nyumbani." Nilimwambia hapana, mama, tuzisome vizuri zaidi.

Maana mtoto yule alikuwa ameshika nusu ya hekaya. Jirani wa Abunuwasi alinaswa na tamaa yake mwenyewe, alipopokea kisufuria ambacho alijua si chake. Katika hekaya nyingi anayeumbuliwa ni tajiri mchoyo, au mkubwa anayedhulumu wadogo. Ndiyo maana watu wanyonge wamezipenda karne na karne. Yatima wetu hakuwa na tamaa yoyote. Alimsaidia rafiki. Ujanja ule ule ukigeuzwa dhidi ya mnyonge unakuwa dhuluma yenye kuchekesha, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu waliopo wote wanaishiriki kwa vicheko vyao.

Wanafunzi wa sekondari nao wana Okonkwo, wa riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Vijana wanavutiwa na nguvu zake. Lakini huyu ni mtu anayempiga mkewe hata katika juma la amani, na anayeshiriki kumuua kijana aliyekuwa akimwita baba, kwa kuogopa tu asionekane dhaifu. Tofauti ni kwamba Achebe hakutuficha gharama. Tunamwona Nwoye, mwanawe wa kumzaa, akijitenga naye kidogo kidogo mpaka anamtoroka. Hekaya ya Abunuwasi haituonyeshi upande huo, kwa hiyo ni kazi yetu wazazi na walimu kuuonyesha.

Tufanyeje basi? Hadithi ikiisha, kabla taa haijazimwa, muulize mwanao maswali matatu. Nani amechekwa? Amepoteza nini? Alistahili? Kisha mwache ajibu mwenyewe. Mimi nimeanza kufanya hivyo darasani, na majibu yao yananishangaza. Binti mmoja wa miaka 9 aliniambia kwamba yeye angemkaribisha Abunuwasi chakula, amsikilize mpaka usiku, lakini sufuria angeziosha na kuzifungia kabatini kabla hajaingia.

Nadhani huyo ameelewa. Tuwapende watu wa hadithini, tucheke nao, na tuwafundishe watoto kwamba jirani hujulikana kwa namna anavyorudisha alichoazima.