Kwa Mwanamkasi, Kabla Hujaomba Fedha

Mwanangu Mwanamkasi,

Salamu nyingi kutoka Kilifi. Mguu wa baba yako umepoa, ila bado anaudekeza ili aletewe chai kitandani. Ndiye aliyenisomea ujumbe wako, kwa sauti, barazani, kwa hiyo mtaa mzima sasa wajua kwamba waandika ombi la fedha za utafiti wa afya ya akili, na kwamba mwalimu wako huko London akushauri ushike vinasaba kwa kuwa fedha ziko huko. Waniuliza nasemaje. Nasema polepole, mwanangu.

Vinasaba sivichukii. Utafiti mmoja wa vinasaba, NeuroGAP, ulikusanya mate ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, hata hapa kwetu, na ni haki nasi tujulikane, maana takwimu nyingi za vinasaba duniani ni za Wazungu. Lakini yuko bwana mmoja Marekani, Thomas Insel, aliyeongoza taasisi yao ya taifa ya afya ya akili miaka 13. Alipokwisha kuondoka alisema waziwazi: dola kama bilioni 20 zilitumika, sayansi nzuri ikapatikana, lakini watu kujiua hakukupungua, wala kulazwa hospitali. Mwenye mfuko kanena hivyo, sisi tubishe?

Mimi nimewauguza wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu. Siku ya kliniki akina mama walikaa kwenye benchi tangu alfajiri na watoto wao, wanaume wazima wenye ndevu, wakingojea sindano ya mwezi. Ugonjwa umetoka wapi hawakuniuliza. Wengi walishaamua ni shetani au ni mkono wa mtu, wakayamaliza. Walilouliza ni hili: "Sista, dawa hii yamtia njaa. Usiku amaliza sufuria nzima, na wadogo zake walale na nini?" Mama mmoja alikuwa akimkatia kijana wake kidonge nusu kila jioni, kwa kisu cha jikoni. Wenzangu walimgombeza wakidhani haelewi maelezo. Aliyaelewa vizuri sana. Nusu kidonge ndiyo njaa aliyoweza kuilisha.

Swali la mama yule lingeandikwa kwenye ombi la fedha, lingepita?

Usiniambie haiwezekani. Hapo hapo Uingereza, mwaka 2016, James Lind Alliance walitoa maswali kumi ya kutangulizwa katika utafiti wa sonona, baada ya kuwauliza wagonjwa wenyewe, jamaa zao na wanaowatibu. Yatafute uyasome. Na Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza. Jambo lenyewe likapimwa kama dawa inavyopimwa. Matokeo yakatoka 2016: baada ya miezi sita, katika waliokaa benchini, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100, na katika wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Fedha za kupima zilitoka Kanada. Swali lilitoka Mbare.

Basi fedha ziombe. Mkono mtupu haulambwi. Ukiona lazima uingie kwa mlango wa vinasaba, ingia. Lakini kabla hujaandika hata mstari, njoo nyumbani likizo hii, ukae kwenye benchi lile la kliniki yetu asubuhi mbili tatu bila dodoso mkononi. Wenyewe watasema, wakishakuzoea utatamani wanyamaze. Kisha swali lao uliandike ndani ya ombi, lisiwe la kupambia utangulizi, liwe na fungu lake la fedha. Na kwenye bajeti uweke nauli na chai ya hao mama. Mtu ameacha kibarua cha siku aje akujibu wewe, arudi kwake kwa miguu? Hilo sikuombi, nakuagiza.

Mwenzako wa chumbani msomee barua hii akitaka, haina siri. Na mwalimu wako akisema swali la njaa ni dogo, mpe namba yangu ya simu. Kiingereza changu cha wodini kingalipo.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanaisha