Mbuzi Katika Gunia

Kununua kitu kikuukuu ni kazi ngumu kuliko kununua kipya. Kipya huja na ahadi ya aliyekiunda. Kikuukuu huja na maneno ya aliyekitumia, na maneno hayo hayana dhamana ila moyo wa msemaji. Miongoni mwa vitu vikuukuu vitafutwavyo sana huko Marekani zimo motokaa zilizoundwa kati ya mwaka 1964 na miaka ya kwanza ya 1970, ambazo wenyewe huziita motokaa za misuli. Zilikuwa za kadiri kwa ukubwa, na bei yake haikuwa mbali na mkono wa kijana mwenye kazi, lakini zilitiwa mashine zilizokusudiwa magari makubwa zaidi. Gharama za bima, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 zilizizima. Vijana waliozitamani wakati ule sasa ni wazee wenye akiba, na baadhi yao hutaka kupata uzeeni walichokikosa ujanani. Tamaa ya namna hiyo haina aibu, walakini ni mshauri mbaya sokoni.

Iliyo mashuhuri katika jamii hiyo, na ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza, ni Pontiac GTO. Kuzaliwa kwake kulikuwa kwa hila, na anayetaka kuinunua leo hana budi kuijua hila hiyo kabla hajagusa mlango wa gari. Pontiac ilikuwa tawi la kampuni ya General Motors. Kanuni ya kampuni ilikataza motokaa za kadiri kutiwa mashine ipitayo inchi 330 za ujazo. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, waliona kuwa mashine ya inchi 389 huingia bila taabu mahali pa mashine ya inchi 326, maana kwa umbo la nje mashine hizo ni kama pacha. Kikwazo kilikuwa kanuni, si chuma. Lakini kanuni ilitazama aina mpya za motokaa, wala haikutazama vifaa vya ziada. Basi GTO haikutolewa kama motokaa mpya. Ilitolewa mwaka 1964 kama fungu la vifaa ambavyo mnunuzi wa Tempest LeMans aliweza kuviongeza kwa kulipa kiasi kisichofika dola 300. Mwaka ule ziliuzwa 32,450, na mwaka wa pili 75,352. Biashara ilipofika hapo hapana mkubwa aliyekuwa na ari ya kuikemea.

Hila iliyoizaa GTO ndiyo imtesayo mnunuzi wa leo. Kwa kuwa haikuandikwa kuwa aina ya peke yake, haikupewa nambari ya peke yake. LeMans ya kawaida ya mwaka 1965 ina nambari ianzayo na tarakimu 237. GTO ya mwaka huo ina nambari ianzayo na 237 hiyo hiyo. Mwaka 1966 tu ndipo GTO ilipotengwa ikapewa 242, na kuanzia hapo hata mwaka 1971 mtu ajuaye kusoma tarakimu tatu huweza kujua anachotazama. Za miaka miwili ya mwanzo, ambazo wapenzi wake huzitukuza kwa sababu ni za mwanzo, hazisemi lolote juu ya nafsi zao.

Wamarekani walizichezea herufi za GTO wakalipa gari lakabu ya mbuzi. Kwa Kiswahili, aliyenunua asichokiona huambiwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lugha hizi mbili hazikushauriana, lakini ni shida kupata jina lifaalo zaidi.

Msomaji na amfikirie mstaafu wa Ohio, fundi wa kiwandani kwa miaka mingi, aliyekwenda kutazama GTO ya mwaka 1965 iliyotangazwa kuuzwa. Anaikuta uani, rangi imekolea, taa za mbele zimepandana mbili mbili kila upande kama desturi ya mwaka ule, boneti ina tundu la kuvutia hewa, na herufi tatu zang'aa ubavuni. Moyo wake umekwisha kulipa. Lakini herufi hizo huuzwa madukani, na boneti ya namna hiyo huuzwa pia. Fundi mwenye spana na siku chache huweza kuivika LeMans mavazi yote ya GTO, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili yatosha kumshawishi fundi asiye mwaminifu. Wazee walinena juu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo mtazamaji mwenye busara hujizuia na herufi, akaanza na kutu. Majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma miaka kwa miaka bila kelele. Gari lililoishi Ohio na gari lililoishi Arizona huweza kuwa na sura moja na mifupa mbalimbali. Kutu ya bati la nje ni maradhi ya ngozi. Yaweza kukatwa na bati jipya likachomelewa. Kutu ya chesisi ni jambo jingine. Motokaa hii imejengwa juu ya chesisi, na pale chesisi inapojikunja kupita juu ya ekseli ya nyuma hukusanya tope na unyevu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye mzee wa Ohio, pamoja na magoti yake mabovu, hana njia ila kulala chali juu ya kipande cha turubai na kugonga chuma hicho kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Kisha aondoe zulia la buti na kutazama sakafu yake, na apitishe vidole chini ya kioo cha nyuma ambapo maji hutuama. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa humaliza ubishi uliobaki, maana hushika bati wala haishiki puti. Inapoteleza katika pembe za chini za mabawa ya nyuma, hapo pamejazwa udongo na kupakwa rangi.

Mashine hutaka kukutwa baridi. Mtazamaji huweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kwisha, kwa sababu mashine iliyopashwa moto mapema huficha moshi wa kuamkia na kelele za asubuhi. Moshi wa samawati ni mafuta yanayoungua. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayopenya ndani ya silinda. Mengine ya kufaa kupimwa yanajulikana kwa fundi yeyote. Yafaa tu kukumbuka kuwa gari hili lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na bomba lake la breki ni la mkondo mmoja, kwani mikondo miwili ilikuja na matoleo ya mwaka 1967. Likivuja mahali pamoja, breki zote zimekwenda, na gari lapita tani moja na nusu. Nguvu za farasi 360 zilizotangazwa kwa mashine ya kabureta tatu zilipimwa kwa mashine tupu, isiyobebeshwa mizigo yote ya gari lililo njiani. Hata hivyo zilizosalia zatosha kumwua mtu.

Hayo yote ni afya. Bado swali la nasaba. Mashine iliyomo ni ya inchi 389 kweli? Jicho haliwezi kujibu, maana mashine za Pontiac za inchi 326, 389 na 421 zafanana kwa nje. Jambo hili lilipata kuwadanganya watu wengi kuliko mnunuzi mmoja. Gazeti la Car and Driver, katika toleo la Machi 1964, liliisifu GTO kwa mwendo uliowashangaza wasomaji, na picha ya jalada ikailinganisha na Ferrari yenye jina hilo hilo. Baada ya miaka mingi Jim Wangers, aliyeshughulikia matangazo ya Pontiac, alikiri kuwa moja ya motokaa zilizojaribiwa ilikuwa imetiwa mashine ya inchi 421. Sifa iliyolijenga jina la GTO kwa sehemu ilikuwa sifa ya mashine nyingine. Afaaye kukasirika na akasirike. Lakini anayelaumu wauzaji wa leo kwa kuvika LeMans ngozi ya GTO akumbuke kuwa hawakuanza wao.

Dalili iliyopo ni herufi mbili zilizogongwa upande wa mbele wa mashine, chini ya kichwa cha silinda upande wa abiria. WS za mwaka 1965, kwa mfano, ni mashine ya kabureta tatu kwa gia za mkono. Lakini herufi zilizogongwa kwa nyundo huweza kusuguliwa kwa msasa na kugongwa upya, na mtazamaji hutafuta mikwaruzo isiyo na sababu. Bati la nambari ya gari katika nguzo ya mlango wa kushoto nalo hutazamwa kwa makini, maana kuna watu waliong'oa bati la gari bovu na kulibandika kwenye gari jingine, ijapokuwa sheria ya Marekani huhesabu tendo hilo kuwa jinai.

Mwisho wa yote ni karatasi. Pontiac yenyewe ilifungwa mwaka 2010, lakini nakala za hati zake za kiwandani zimehifadhiwa na Pontiac Historic Services, nao humtumia yeyote aliyelipa ada na kupeleka nambari ya gari habari za namna gari hilo lilivyotoka kiwandani. Mtu ambaye ameweza kulala chini ya gari kwa saa nzima na kisha akashindwa kungoja karatasi, ametaabika bure. Na muuzaji anayesema kuwa kuna mtu mwingine anayekuja Jumamosi na pesa mkononi aachiwe huyo mtu wake wa Jumamosi.

Karatasi ikisema LeMans, hakuna msiba. LeMans iliyotiwa mashine ya inchi 389, yenye chesisi nzima na breki njema, ni gari tamu, na mtu anayetaka kuliendesha katika barabara ya Woodward pale Detroit hatapungukiwa na kitu ila hati. Kosa li katika jina na bei, halimo katika chuma. Wapo wanaozidharau motokaa hizo kwa jumla. Dharau hiyo ni ya wafanyabiashara kuliko ya madereva.

Lakini mizani hupima pande mbili, na upande wa pili haunenwi sana. Huenda lile gari la uani halina herufi hata moja. Huenda anayeliuza ni mjane, ambaye mumewe alilinunua likiwa limekwisha chakaa, limepotelewa na boneti yake na kutiwa mashine ya inchi 326, naye hutaka bei ya LeMans kuukuu kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Mstaafu, kwa desturi tu, hupeleka nambari. Na karatasi inarudi ikisema kuwa gari hili lilitoka kiwandani mwaka 1965 likiwa GTO ya kabureta tatu. Sasa aliyekuwa akiogopa kudanganywa ndiye mwenye siri.

Suala hili ni la kale kuliko motokaa. Mwaka 1817 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Laidlaw na Organ, juu ya tumbaku iliyonunuliwa New Orleans na mtu aliyekwisha pata habari za amani na Uingereza kabla ya muuzaji, na amani ilikuwa ipandishe bei. Jaji Mkuu John Marshall alisema kuwa mnunuzi hakuwa na wajibu wa kutoa habari hiyo, mradi kila upande ujihadhari usiseme wala kutenda jambo la kumhadaa mwenziwe. Wengi waliosoma hukumu hiyo wameiona kuwa sawa kwa wafanyabiashara wawili, kila mmoja akiwa na masikio bandarini. Mjane hana masikio bandarini. Tena yeye ndiye aliyefungua mlango wa gari na kumruhusu mgeni aiandike nambari, akiamini kuwa anakagua usalama. Kumnyima matunda ya nambari yake mwenyewe ni kuitumia imani yake kama spana.

Itasemwa kuwa mstaafu amelipa ada, ametumia ujuzi wa maisha yake, amelala chini juu ya baridi ya saruji, na kwamba maarifa yana haki ya ujira. Ni kweli, na ujira huo waweza kutajwa wazi: bei iliyo kati ya mbili, akielezwa mjane kwa nini ni mbili. Gari hilo hata hivyo lahitaji mashine ya asili yake, na hiyo ni gharama kubwa ambayo mwenye kusema kweli huweza kuihesabu mbele yake bila haya.

Akiitoa karatasi mfukoni na kuiweka mezani, bei itapanda, na yamkini watoto wa mjane watapiga simu kwa mtu mwingine, na gari litamponyoka. Asipoitoa, gari ni lake jioni ile kwa bei ya LeMans. Na kila wenzake watakapomzunguka kulitazama na kumwuliza amelipata wapi, na kwa kiasi gani, itambidi afikiri kwanza ndipo ajibu.