Gari Likizima Kwenye Taa: Gereji ya Houston na Gereji ya Ilala

Kaka yangu wa Tabata haachi kuniomba nimtumie mashine ya kupimia gari. Carina yake ikiwa mwendoni haina neno, lakini akikanyaga breki kusimama kwenye foleni ya Buguruni, kimya. Anapiga stata, daladala nyuma zinampigia honi. Ameshasikia kwamba huku Marekani kuna kijimashine unachokichomeka chini ya dashibodi, kikakutajia ugonjwa na dawa yake. Kijimashine kipo, na bei yake si kubwa. Ila sijamtumia, na sababu ninazo.

Tuanze na ugonjwa. Ukiachia pedali ya mafuta, kilango cha hewa kwenye throto hujifunga karibu chote. Hapo enjini huishi kwa hewa kidogo inayopita pembeni, kwenye njia ndogo ambayo vali ya sailensa huifungua na kuibana kwa amri ya kontrolboksi, ili mzunguko wa enjini gari likiwa limesimama, yaani sailensa yenyewe, ukae kati ya 600 na 900 hivi kwa dakika. Masizi yakiiziba njia hiyo, ukisimama tu enjini inakosa pumzi. Mpira wa vakyumu ukipasuka nao unaleta balaa, maana hewa isiyopimwa inaingia, petroli inakuwa pungufu, na enjini inatetemeka mpaka inakufa. Kuna visa vingine vinavyojificha zaidi. Busta ya breki ikivuja, kila ukikanyaga breki unaivuruga hewa ya enjini. Na klachi iliyo ndani ya konveta ya gia ya otomatiki ikigoma kuachia, gari linazima sawasawa na la manyuo lililosimamishwa bila kukanyaga klachi.

Hapa Houston safari ya matibabu inaanzia kwenye soketi. Magari madogo yote yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996 yana soketi ya aina moja, OBD-II, na namba za hitilafu zinazofanana. P0505 inahusu mfumo wa sailensa, P0171 inasema hewa imezidi petroli, P0300 inasema enjini inamisi bila kutaja silinda. Maduka mengi ya spea hukusomea namba hizo bure. Na huwezi kuipuuza taa ya cheki enjini: jimbo la Texas lilifuta ukaguzi wa usalama wa magari binafsi mwanzoni mwa 2025, lakini katika kaunti kama yetu ya Harris ukaguzi wa moshi umebaki, na taa ikiwa inawaka gari halipiti.

Watu wengi wanadhani namba ile ni jina la kifaa kilichokufa. Sivyo. P0171 inaweza kutokana na mpira uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya petroli iliyochoka. Namba inakuonyesha mtaa tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe. Kuitafuta ndiyo kazi ya fundi, na huku saa ya fundi inavuka dola 100 bila shida. Unalipia uchunguzi kwanza, hata kabla skrubu moja haijafunguliwa. Kwa hesabu hiyo, kukaa na brashi kusugua throto kuukuu hakumlipi mwenye gereji. Anaona afadhali aagize throto nzima mpya, aifunge, akupe garantii, akuandikie bili. Namwelewa, ila mara nyingi mteja amenunua kifaa kizima kwa sababu ya masizi.

Ilala hesabu imegeuka juu chini: spea ndiyo ghali, saa ya fundi ndiyo rahisi. Kwa hiyo fundi anafungua throto, anapuliza dawa ya kusafishia kabureta, anapiga brashi, anarudisha. Nimeona fundi akibana kwa koleo mpira mmoja baada ya mwingine huku enjini inanguruma, akisikiliza ni upi ukibanwa mlio unabadilika. Nimeona mwingine akiunganisha matundu mawili ya soketi ya Toyota ya zamani kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa ya cheki enjini inavyopepesa: 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto. Kipande hicho cha waya ndicho kinachoifaa Carina ya kaka. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya 1990 hayaielewi mashine yangu ya Marekani, hata pale soketi inapofanana.

Sitaisifia gereji ya nyumbani ikapitiliza. Ina dhambi yake kubwa, nayo ni kupandisha sailensa. Fundi anazungusha skrubu, enjini inapiga kelele zaidi, gari halizimi, mteja anafurahi. Mpira uliopasuka bado uko pale pale, petroli inaliwa zaidi, na gari la otomatiki linasukuma mbele hata ukiwa umesimama. Kuna na ile ya kununua sensa za mtumba Gerezani moja baada ya nyingine, kwa kubahatisha, na gharama zote ni juu ya mwenye gari.

Kinachokosekana pande zote mbili ni maswali, na hayo hayauzwi. Linazima enjini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? AC ikiwa imewashwa tu? Ukiweka N kabla ya kusimama, bado linazima? Likiwa limesimama, ukipampu breki mlio unabadilika? Tatizo lilianza baada ya betri kutolewa? Kwenye baadhi ya magari kontrolboksi husahau kipimo chake cha sailensa umeme ukikatika, na inabidi ifundishwe upya.

Basi ndugu msomaji, andika majibu ya maswali hayo kwenye karatasi, umpe fundi kabla hajafungua boneti. Akiyasoma akaanza kukagua mipira na throto, mwachie kazi. Akikimbilia skrubu ya sailensa, chukua funguo zako uondoke.