Usimtoe Malkia Mapema

Akina mama wenzangu, mwaka juzi kijana wangu wa kidato cha kwanza alirudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ya Desemba. Alileta ripoti yenye alama mbaya za hesabu, na ubao wa sataranji aliopewa na rafiki yake. Kabla hajavua viatu nikaanza kufoka. "Kumbe ndiyo maana unafeli! Umejifunza kamari!" Hakujibu. Siku tatu alikula na kunyamaza.

Hapa Ipyana mvua ikishika haiachi, na njia hujaa maji. Alasiri moja hatukuweza kwenda shamba la mpunga. Nikamwona barazani, anacheza peke yake. Nikamhurumia. Nikavuta mkeka, nikasema, "Mwanangu, nifundishe."

Alinifunga kwa hatua 4 tu! Malkia na askofu wake walimlenga askari mdogo anayesimama mbele ya askofu wa upande wa mfalme, ambaye mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Mchezo wa pili nikamwiga, nikamtoa malkia wangu haraka. Akamtisha kwa farasi. Nikawa namhamisha huku na huku. Kila nilipomhamisha, yeye alitoa kete nyingine. Punde jeshi lake lote lilikuwa uwanjani, langu bado limelala.

"Mama," akacheka, "usimtoe malkia mapema. Anza na askari wa katikati, watoe farasi na maaskofu, kisha mpeleke mfalme pembeni, ngome imkinge. Usisogeze kete ile ile mara mbili bila sababu. Na kabla hujagusa kete, jiulize: mwenzangu amekusudia nini?"

Swali hilo lilinichoma. Nyumbani malkia wangu ni ulimi, nami humtanguliza daima. Jioni ile nikamwuliza kwa upole habari za hesabu.

"Mama, nakaa nyuma. Maandishi ya ubaoni siyaoni."

Kumbe ni macho! Tuliuza gunia la mpunga, akapimwa, akapata miwani. Alama zake zimepanda.

Kama nawe unadhani huu ni mchezo wa wahuni, mkumbuke Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala. Alifundishwa na Robert Katende katika huduma ya Kikristo, na mwaka 2012 aliichezea Uganda mashindano ya dunia huko Istanbul, Uturuki. Maisha yake yalitolewa filamu mwaka 2016.

Mimi bado nafungwa, ila si kwa hatua 4 tena. Na tukiwa mkekani kijana hunieleza mengi ambayo zamani nisingeyasikia.

Mama mwenzangu, mtoto akikosea, usianze na malkia. Uliza kwanza, usikilize. Kwa Kinyakyusa, Ipyana maana yake ni neema. Bwana atujalie neema hiyo majumbani mwetu.