Vidole Vitatu

Panga vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, ujaribu kuvitia mdomoni hivyo hivyo vikiwa vimesimama. Vikiingia bila shida, taya lako linafunguka sawasawa. Mei 2024 kwangu kilikuwa kinaingia kimoja, tena machozi yakinilengalenga.

Nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja pale Diani. Mei ni masika: mvua, ufuo umejaa mwani, wageni hakuna. Ndiyo miezi ambayo vibarua kama sisi huambiwa nendeni nyumbani, tutawapigia simu. Usiku kucha nilikuwa nikihesabu vyumba vyenye watu, huku natafuna muguka na njugu ili nisisinzie. Nikirudi chumbani Ukunda nalala, naamka meno yamebanana kama yaliyotiwa gundi. Mwezi huohuo gavana wa Mombasa akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, na wenzangu kazini wakapata la kunicheka. Ati marufuku imenifunga mdomo mimi peke yangu, tena huku Kwale.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza jino. Maumivu yalikuwa kama yanatoka kwenye gego la chini, upande wa kulia, yanapanda mpaka sikioni. Kliniki moja, sitaitaja, waliling'oa. Nililiona kwenye kibakuli: zima, halina tundu wala doa. Nikalipa. Baada ya wiki maumivu yalikuwa palepale, na sasa mdomo wenyewe ulikuwa haufunguki.

Nikapanda matatu mpaka Msambweni kwa bibi yangu. Yeye huniita mume wangu, kama mabibi wote wa kwetu, na kila nikifika huanza kunidai posho. Siku hiyo nilimwamkia kwa meno yaliyofungana. Hakuitikia marahaba. Alinishika shingo kwa nyuma, akaibonyeza kama anayetafuta kitu.

"Umekanyaga msumari?"

"La, bibi."

"Umejikata? Sema kweli."

Nikamwambia sina kidonda. Akaniambia nisivue hata viatu, twende hospitali. Mimi nilitaka anikande tu. Bibi amekanda wazazi wa mtaa mzima, siku arubaini kila mmoja, kwa maji ya moto na majani ya mwarobaini. Akasema hanigusi mpaka daktari aniangalie.

Katika hospitali ya rufaa pale Msambweni waliniuliza maswali yaleyale ya bibi, msumari na kidonda, kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Dada mmoja mpole. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu, akaniambia fungua, funga. Kile unachokisikia kikicheza pale ndicho kiungo cha taya: kichwa cha mfupa kinateleza chini ya fuvu, na katikati pana kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. Halafu akabonyeza shavu, nikaruka kitini. Tatizo langu, akasema, si jino, na kiungo chenyewe hakijaharibika. Ni msuli wa kutafunia, umekakamaa kwa kukazwa mchana na usiku.

Nilitarajia mashine. Akaniuliza, "Una taulo nyumbani?"

Ilikuwa hivyo tu. Taulo lichovywe kwenye maji ya moto ya kustahimilika, likamuliwe, liwekwe shavuni dakika kumi na tano au ishirini, mara kadhaa kwa siku. Joto huleta damu kwenye msuli nao ukalegea. Ukishalegea, ndipo unafungua mdomo polepole, bila kulazimisha. Vyakula laini. Muguka basi. Nikipiga miayo niegemeze kidevu kwenye ngumi. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Akanionya pia kwamba shavu likivimba au nikipata homa, nisikande; nirudi. Joto si la kila maumivu.

Bibi alikuwa nje kwenye benchi. Nilipomweleza akashusha pumzi, kisha akakasirika. "Nauli yote hiyo kuambiwa maji ya moto?"

Usiku huo alikunja kanga kuukuu, akaichovya, akaikamua, akaijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kama anavyofanya kwa watoto. Ilipogusa shavu nilihisi kitu kikiachia, si taya tu, mpaka mabegani. Nikamuuliza alikuwa anaogopa nini mchana.

Alibadilisha kanga kwanza. Akasema mtoto wake wa pili alizaliwa nyumbani, mzima, ananyonya. Siku ya sita akaacha ziwa. Si kwamba hataki, mdomo haufunguki. Akakakamaa mgongo, kila akiguswa anashtuka. Wakamkanda, bibi pamoja na mama mkwe, usiku kucha. Watu walisema ni upepo mbaya. Miaka mingi baadaye, muuguzi aliyekuwa akichanja wajawazito ndiye aliyemwambia jina lake: pepopunda, huingia kwa kitovu kilichokatwa na kitu kichafu.

"Tulimkanda sana," akasema. "Maji yalikuwa mazuri. Siyo ugonjwa wake."

Mtoto alikuwa hajapewa jina.

Nilikaa Msambweni wiki tatu, maana hoteli ilikuwa imeshatuambia ile ya tutawapigia simu. Kanga asubuhi, kanga adhuhuri, kanga usiku, na uji wa wimbi mpaka nikauchukia. Wiki ya pili viliingia vidole viwili. Jino halirudi, ulimi bado unalitafuta pale pengoni. Siku kilipoingia cha tatu nilimwita bibi aje aone. Akasema vidole vyangu vyembamba, vya mtu wa ofisini, akataka tupime kwa vyake.

"Haya, mume wangu. Fungua."

Viliingia viwili na nusu. Akaenda kuteleka maji.