Kilo Kumi na Tatu na Swali la Mama

Desemba iliyopita nilishuka kwenye basi mjini Kyela nikiwa nimepungua kilo 13 tangu mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani. Kusema kweli, nilikuwa nikitarajia pongezi. Dereva wa bodaboda, ambaye nilisoma naye shule ya msingi, alinitazama, akanyamaza, akanifikisha hadi uani, kisha akakataa nauli. Mama alikuwa barazani akipeta mchele. Aliweka ungo chini, akaitikia shikamoo yangu, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili na kukizungusha polepole. “Baba,” akaniuliza kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, “unatumia dawa?”

Hakuna aliyekulia Kyela katika miaka ya tisini atakayeuliza ni dawa gani. Nimelifikiri swali hilo kwa miezi kadhaa, na leo ningependa kulijadili nawe, ndugu msomaji, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayazungumza mbalimbali: namna tunavyokula, na namna tunavyosoma miili ya wenzetu.

Nianze na kula. Januari ya mwaka huo nilipimwa afya kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kuahirisha. Nilikuwa na kilo 94 kwa urefu wa mita 1.72. Ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata uwiano wa karibu 32. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na kuanzia 30 hali hiyo huitwa kiribatumbo. Shinikizo la damu lilikuwa 150 kwa 95. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, hakuniandikia dawa siku hiyo. Alinipa miezi mitatu, na swali moja la kujibu kwa maandishi: “Kwa siku unatia vijiko vingapi vya sukari mdomoni?”

Nilikaa na kalamu kama nilivyozoea kuwaambia wanafunzi wakae. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu: vijiko 12. Kijiko cha chai hubeba takribani gramu nne, kwa hiyo gramu 48. Soda moja ya mililita 350 wakati wa chakula cha mchana: gramu nyingine 37 hivi. Jumla gramu 85 kwa siku. Nilipozidisha kwa siku 365, nilipata kilo 31. Nilikuwa nikimaliza peke yangu, kila mwaka, zaidi ya nusu ya mfuko wa sukari wa kilo 50, bila kuhesabu maandazi wala keki za mahafali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya aina hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati tunayokula, sawa na gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25.

Sikujiunga na ukumbi wa mazoezi, wala sikununua unga wa ajabu unaotangazwa kwenye simu. Nilibadili mambo manne. La kwanza, sukari kwenye chai ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kisha hakuna, kwa muda wa miezi miwili. Ulimi huzoea, ila hautaki kushtushwa. La pili, maji yalichukua nafasi ya soda. La tatu, niligeuza mpangilio wa sahani: nusu ikawa mboga za majani, robo samaki au maharage, na robo iliyobaki wali au ndizi. Hapo awali wali ulikuwa mlima na mboga ilikuwa pambo la pembeni. La nne, chakula cha usiku nilikula mapema, kabla ya saa moja na nusu, na baada ya hapo sikugusa kitu. Upande wa mafuta niliangalia kijiko tu, kwani kijiko kikubwa kimoja kina takribani kilokalori 120, yawe ya alizeti au ya mawese ya kwetu.

Hesabu yake haina miujiza. Zile gramu 85 za sukari pekee zilikuwa kilokalori 340 kwa siku. Nilipungua kilo moja na kidogo kwa mwezi, mwendo wa konokono, na katikati kulikuwa na miezi ambayo mizani haikusogea kabisa. Kufika Desemba nilikuwa na kilo 81. Bado uwiano wangu ni zaidi ya 27. Sijawa mwembamba kwa kipimo chochote cha kitabibu. Lakini shinikizo la damu lilirudi mahali pake, na viatu nilianza kuvivaa bila kushika ukuta.

Wengi wakisikia habari kama hii hukimbilia kusema kwamba tumeacha vyakula vya asili na ndiyo maana tunanenepa. Mimi ni Mnyakyusa wa bondeni na nasita kukubali. Sahani ya utoto wangu ilikuwa na wanga mwingi: ndizi za kupika, magimbi, mihogo. Wali wa Kyela, huu unaosifiwa Dar es Salaam kwa harufu yake, tuliula Jumapili na Krismasi, kwa kuwa mpunga ulikuwa ada ya shule. Kitoweo kilikuwa usipa kutoka ziwani, pamoja na majani ya maboga. Tofauti haikuwa kwenye sahani peke yake. Baba yangu alikula mlima wa ndizi, kisha akashinda ndani ya jaruba, maji yakimfika magotini, na jioni akaendesha baiskeli hadi Ipinda na kurudi. Mimi nimeurithi mlima wa baba bila jaruba lake. Ninaula, kisha ninakwenda kuketi kwenye kikao.

Na vikao vyenyewe ni chakula. Yeyote anayefanya kazi katika taasisi zetu anaijua chai ya saa nne: chapati, sambusa, mayai, soseji, na soda juu yake. Saa tatu baadaye kuna chakula cha mchana ambacho mtu hupakua bila kipimo kwa kuwa kimelipiwa na warsha. Mtu akipanda cheo, kitambi hupanda naye, na sisi humpongeza: umenawiri, maisha yamekukubali. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2004–05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28. Utafiti huo huo ulionesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na miongoni mwa mikoa iliyoongoza ni Rukwa na Njombe, ambayo tunaisifu kwa kulilisha taifa. Hayo hayapingani. Mama mwenye uzito uliozidi na mtoto aliyedumaa wanaweza kula chungu kimoja, ikiwa chungu hicho kimejaa wanga na kupungukiwa karibu kila kitu kingine.

Narudi barazani kwa mama.

Katika miaka ya thelathini, mwanaanthropolojia Monica Wilson aliishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kiitwacho Good Company. Humo anazungumzia ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuongea, kama fadhila iliyoshikilia vijiji vyetu. Ukwangala ungali hai. Kwetu, anayesukuma sahani mbali anasukuma watu. Siku ya pili ya likizo tulikwenda msibani, na nilipoomba nipunguziwe wali, shangazi aliyekuwa akipakua alishusha upawa na kuniuliza kama siku hizi chakula chao kinanuka. Nilijifunza haraka. Nilipokea sahani, nikaanza na mboga na samaki, nikala polepole kuliko wote, nikamsogezea kijana aliyekuwa kando yangu wali uliobaki, na nikahakikisha kwamba nimekuwa wa mwisho kuondoka mkekani. Hakuna aliyenuna. Nadhani shangazi alihitaji muda wangu kuliko tumbo langu.

Kwa mama, mbinu hiyo isingetosha. Mwaka 1999 tulimzika kaka yangu mkubwa. Alikuwa akifanya biashara kati ya Kasumulu, mpakani na Malawi, na Mbeya mjini. Alipungua kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na sisi tulikuwa tukisema amechoka na safari. Hatukuwa peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 uliukuta Mkoa wa Mbeya ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 13.5 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Mama alijifunza kusoma ugonjwa kwenye kifundo cha mkono, na aliujua usomaji huo kabla ya dawa kufika. Kwa hiyo aliponishika mkono, alikuwa akimshika mwanawe mwingine.

Nilimjibu kwamba nimepima na sina virusi. Hakuniamini, kwa sababu kaka pia alisema hivyo. Basi nikamwambia: mama, twende kesho kituo cha afya, tukapime wote wawili kila kinachopimika, na majibu yangu utayasoma wewe.

Tulikwenda asubuhi bila kula. Majibu yangu aliyasoma mara mbili, akayakunja na kuyatia kwenye pochi yake. Kisha muuguzi akayaleta yake. Sukari ya mama kwenye damu ilikuwa 11.2, ilhali mpaka wa kuitwa kisukari kwa mtu ambaye hajala ni 7. Kiu ya usiku, kuamka mara nne kwenda haja ndogo, ganzi miguuni: yote tuliyaita uzee. Mama yangu ni mnene. Kwa miaka mingi kila mgeni aliyefika alimsifu kwamba wanawe wanamtunza vizuri, na mimi niliyekuwa nikituma fedha ya sukari na soda kila mwezi nilizipokea sifa hizo kama mshahara wangu wa pili.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Macho yetu yalifundishwa na janga la kweli, na yalijifunza vizuri, lakini janga limebadilika na macho hayajabadilika. Leo anayetumia dawa za kufubaza virusi kwa uaminifu aweza kuwa na mwili sawa na wa jirani yake yeyote. Wembamba hautuambii tena tulichodhani unatuambia. Wakati huohuo kisukari na shinikizo la damu huingia kwa njia ya unene tunaoupongeza, na hukaa miaka bila kubisha hodi. Tumebaki tukimlilia aliyepona na kumsifu anayeumwa.

Sina ushauri mkubwa wa kitaifa zaidi ya huu. Wenye mamlaka juu ya bajeti za vikao waweke maji na matunda mahali pa soda na sambusa. Haitahitaji sheria mpya. Sisi wengine tupime, badala ya kukisia kwa macho. Na anayetaka kupunguza uzito aanze kwa kuhesabu vijiko vyake. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu azungumze kwanza na mtabibu wake, maana chakula kikibadilika huenda dawa nayo ikahitaji kubadilishwa.

Mama sasa anatumia dawa, yeye. Ananipigia simu Jumapili jioni. Anasema chai bila sukari ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo, na kwamba wali anaupima kwa kikombe kidogo cha plastiki ambacho wajukuu wamekatazwa kukigusa. Usiku anaamka mara moja tu. Majirani wameanza kumwona amepungua, na wiki iliyopita mmoja wao alimwuliza kwa sauti ya chini kama anatumia dawa. “Ndiyo,” alimjibu, “na wewe twende ukapime.” Walikwenda Jumatano.