Kabla hujatuma hela ya pikipiki ya magurudumu manne

Kasulu

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako kutoka Kibondo imefika. Bibi yako amefurahi kusikia maharage yametoka vizuri, na anakusalimu sana.

Sasa kuhusu hiyo Yamaha Raptor 700 uliyopewa bei, iliyokuwa ikitembeza watalii kule Zanzibar. Nimelifikiria jambo hili siku tatu. Mashine ni nzuri, sikudanganyi. Injini ya cc 686 itapanda mlima wowote wa Buha. Ila upana wake ni kama sentimita 117, na ile njia ya kushukia kisimani kwenu imechimbwa na maji katikati. Pikipiki ya kawaida inachagua ukingo mmoja na kupita. Yako itakuwa na gurudumu moja ukingoni na jingine korongoni.

Halafu kuna tope letu. Mashine za michezo za aina hiyo hazina difu nyuma: ekseli ni moja, magurudumu mawili yanazunguka sawasawa. Ili ikate kona, dereva ahamishe mwili upande wa ndani na gurudumu moja liteleze kidogo. Kwenye mchanga mkavu ni raha tupu. Kwenye udongo mwekundu wa Desemba unakata usukani, yenyewe inakwenda mbele. Ukipita ubavuni mwa kilima bila kuegemea upande wa juu, inabiringika nawe.

Tena imeundwa kwa mtu mmoja. Mama yako akizidiwa usiku, utampakia wapi?

Kama moyo umekwisha kuipenda, basi ikague mwenyewe. Inyanyue mbele, yatikise magurudumu. Yakicheza, beringi au maungio yamelika. Chungulia chini ya fremu na kwenye ekseli, maana chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya. Fungua kasha la filta ya hewa: ukikuta mchanga upande wa ndani wa filta, injini imekwisha kuumeza, iache hapo hapo. Na uliza spea. Beringi ya ekseli ikifa Julai, Kibondo hutaipata. Utasubiri basi la Dar es Salaam.

Mimi ningekushauri Honda XL 125 iliyotunzwa, iko juu na shokapu zake zinavumilia mawe. Mfuko ukigoma, chukua Boxer. Kila fundi wa Kasulu na Kibondo anaijua. Yoyote utakayopata, kiangazi safisha filta kila wiki, vumbi letu unalijua. Kofia ngumu usiivue hata ukienda dukani. Na ukishuka mlima weka gia ndogo, usikamate klachi. Mimi niliikamata nikishuka Heru Juu, pikipiki ikawa inashikwa na breki peke yake, breki ikachemka, ikakataa. Mkono uliovunjika siku ile bado unaniuma mvua zikianza.

Mpwa wangu, hela hiyo ni jasho la misimu miwili ya shamba. Nakuomba usitume hata shilingi ya kishika uchumba. Jumamosi nakuja Kibondo na futi kamba. Tutashuka pamoja hadi kisimani, tupime njia.

Mjomba wako